Siku ya posho

Kwa desturi katika ukurasa huu sisi twafundisha maneno. Safari hii tumefundishwa, tena na mama mzee asiyejua kusoma, aliyeketi barazani petu asubuhi moja, daftari la mjukuu wake likiwa juu ya magoti yake.

Mambo yalianza hivi. Tuliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya kuandika: waeleze habari za mtu mmoja wa nyumbani kwao wanayemheshimu. Binti mmoja, mtoto mtulivu asiyezoea kusema mbele ya wenzake, alijaza ukurasa mzima juu ya nyanya yake. Tulipousoma tulishika kalamu nyekundu. Aliandika: «Kila siku ya posho kambo anafungua sanduku yake.» Tukakata siku ya posho, tukaandika Jumamosi. Tukakata sanduku yake, tukaandika sanduku lake. Neno kambo tukalizungushia duara, na pembeni tukaandika kwa herufi kubwa: «Mama wa kambo?» Chini kidogo mtoto alisema kwamba ndani ya sanduku mna mukanda wa babu yake, na kwamba yeye ndiye anayeusoma. Hapo tuliandika: «Sema barua. Hatusemi Kilingala hapa.» Makosa kumi na moja kwa jumla. Tukampa 4 juu ya 10. Na kwa kuwa tulitaka wote wapate faida, tuliyasoma makosa yale kwa sauti. Darasa zima lilicheka. Yeye alitazama chini.

Yatupasa kuungama jambo moja, maana bila hilo habari hii haifahamiki. Maneno yale yote tuliyajua. Sisi wenyewe tulilelewa na kambo, naye alitutuma sokoni siku ya posho mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Hatukukosa kuelewa. Tulijifanya hatuelewi, kama mtu aliyevaa viatu vipya anavyojifanya haijui tena njia ya matope iendayo kwao.

Basi, siku tatu baadaye tukasikia hodi. Tukamkaribisha mama yule, tukampa kiti, naye hakuwa na haraka. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za watoto wetu, akashukuru kwa maji tuliyompa. Ndipo alipofungua daftari, akaweka kidole juu ya ile duara nyekundu. Hakuweza kuisoma, lakini alijua mahali ilipo.

«Mwalimu, mtoto ananiambia umeandika kwamba mimi ni mama wa kambo. Mimi nilimzaa mama yake. Na mama yake alipokufa, mtoto huyu alikuwa hajaota meno. Mgongo wake ulikuwa huu wangu. Nani amekuletea habari za mama wa kambo?»

Tulijaribu kueleza. Tulisema kwamba katika Kiswahili cha vitabu mzazi wa kambo ni yule asiyekuzaa, aliyeolewa na baba yako au aliyemwoa mama yako. Kumbe katika Kiluba nkambo ni mzazi wa mzazi, na Kiswahili cha huku kwetu kilichota neno hilo katika kisima hicho. Maneno mawili yamefanana sura tu, wala si ndugu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

«Basi ungemwuliza mtoto,» akasema.

Hatukuwa na jibu. Akafunua tena, akaonyesha mstari wa kwanza. «Na hapa?» Tukamwambia: hapo ameandika siku ya posho, nasi tumesahihisha, maana jina lake ni Jumamosi. Akatuuliza maana ya Jumamosi. Wasomaji wapenzi, tumefundisha majina ya siku kwa miaka kumi, na huyu ndiye mtu wa kwanza kutuuliza maana yake.

Huko pwani, Kiswahili kilikozaliwa, juma lahesabiwa tangu Ijumaa, siku ambayo Waislamu hukusanyika kwa sala. Siku inayofuata ni ya kwanza, na mosi maana yake ni moja, ndiyo Jumamosi. Ya pili ni Jumapili, na hivyo hivyo hata Jumatano, siku ya tano. Halafu yaja Alhamisi, neno la Kiarabu, ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu kwa Dominika. Kwa hiyo juma la shuleni lina siku mbili za tano zinazofuatana, na katika madarasa yetu yote hakuna aliyeshangaa.

Mama aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akakunjua vidole vyake kimoja kimoja. «Sisi tulihesabu hivi: kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano, siku ya posho, siku ya Mungu. Kosa liko wapi?»

Kosa halipo. Hesabu ile yaanza baada ya Dominika: siku ya kwanza ya kazi ni kazi moja, ya tano ni kazi tano, siku ya sita watu wanapokea chakula chao, na ya saba wanakwenda Misani. Wazee wetu wa mashariki ya Kongo walihesabu hivyo, na wengi wao hata leo hawajaacha. Ndugu zetu wasemao Kilingala nao wana neno mposo: ni chakula cha juma, na tena ni juma lenyewe. Kuhusu jina la shuleni na jina la mama yule, tutawaambia wanafunzi wetu ukweli: katika mtihani waandike Jumamosi, maana Kiswahili ni cha watu wengi wa nchi nyingi, na yafaa wote waelewane. Lakini jina moja kuwa la kitabu hakulifanyi jina la pili kuwa kosa.

Na posho ni nini? Ukivuka mpaka uende Uganda ukaagiza posho, utaletewa ugali. Ukienda Tanzania, posho ni fedha anazolipwa mtu aliyehudhuria mkutano, na magazeti ya huko hayachoki kuzungumza juu ya posho za wabunge. Kwa wazee wetu posho ilikuwa mgawo wa chakula. Neno lilifika kwetu pamoja na misafara. Katika karne ya 19 wapagazi walitoka Bagamoyo wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Maniema hata Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe za ndovu. Watu wale huku kwetu waliitwa Wangwana, na lugha yao Kingwana. Mpagazi alipata posho yake kwa nafaka, au kwa nguo na ushanga wa kununulia chakula njiani. Kipimo cha mtu mmoja kwa siku moja kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu ratili moja na nusu. Vibaba 4 vilifanya pishi moja.

Baadaye wakaja wenye migodi na wenye mashamba makubwa. Nao, kwa miaka mingi kabla ya 1960, waliwapa watu wao chakula pamoja na mshahara: unga, mafuta ya mawese, samaki au nyama, karanga, chumvi. Katika migodi ya Katanga akina mama walipanga mstari na vikapu vyao, na siku ile ya kupanga mstari ikawa na jina. Tulipokuwa seminarini tulijifunza kwamba neno la Kilatini salarium, ambalo kwalo Wafaransa wameunda neno lao la mshahara, limetoka katika sal, yaani chumvi. Tulistaajabu sana. Tukaandika jambo lile katika daftari kwa wino mweusi. Posho, yenye chumvi ndani yake kweli, hatukuiandika popote.

Mama aliendelea kusimulia, nasi tukaacha kutazama saa. Mume wake alifanya kazi ya mikono kwa bwana mmoja, tusimtaje. Mwaka mmoja mume yule aliugua siku nyingi, na siku ya posho ilipofika mama akaenda na kikapu chake kama kawaida. Kapita akasoma majina. Jina la mume wake halikusomwa. Akangoja mpaka wote wakaondoka, akauliza. Akaambiwa kwamba asiyefanya kazi hana posho. Nyumbani walikuwako watoto watatu.

«Nilirudi na kikapu kitupu,» alisema, «nikapita njia ya nyuma ili watu wasinione. Lakini wanawake waliokuwa mstarini wamekwisha kuniona. Jioni akaja wa kwanza na kopo moja la unga. Hakusema neno, alimwaga ndani ya kikapu akaondoka. Akaja wa pili na kopo lake. Wakaja saba. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa pale mlangoni, naye kopo lile aliliita kibaba, kama watu wa zamani. Akasema: haba na haba hujaza kibaba. Ninyi shuleni mnawafundisha watoto methali ile kwa ajili gani?»

Tulimwambia: kwa ajili ya kuweka akiba. Mtu aweke senti moja moja, mwishowe atakuwa na nyingi.

«Mimi niliisikia siku ile,» akasema, «sikuwa na senti.»

Hatutaki kusema kwamba maelezo ya vitabu ni ya uongo. Methali ni ya kila anayeihitaji. Lakini jaribuni ninyi waalimu wenzetu: waulizeni wanafunzi wenu kibaba ni kitu gani. Sisi tuliwauliza. Mmoja alisema ni mtoto wa baba. Mwingine alisema ni baba mdogo wa mwili. Hakuna aliyejua kwamba ni chakula cha mtu mmoja cha siku moja, wala kwamba mwenye kujaza kibaba hajatajirika bado: amepata tu kula leo.

Tangu siku ile tumeanza kuokota maneno mengine, na mama yule ametusaidia. Matabishi, yaani zawadi ndogo apewayo mtu juu ya malipo yake, ni neno la Wareno: mata-bicho, uwa mdudu! Wareno walisema hivyo juu ya kinywaji kikali cha asubuhi, kana kwamba kinaua mdudu aliye tumboni. Neno likapanda kutoka Angola na pwani ya magharibi mpaka kwetu, na leo dereva akiomba matabishi hafikirii mdudu yeyote. Kapita naye ni Mreno, capitão. Hata padri ni neno la Kireno, na hakuna anayetuambia tulifute.

Merikani ni nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, waliileta Unguja kwa merikebu, hasa baada ya mapatano waliyofanya na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Nguo ile ilienda bara kama fedha, ikipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Hata baadaye nguo za namna ile zilipotoka Bombay, watu waliendelea kuziita merikani. Mama yule ameagiza azikwe ndani ya merikani. Alipoituma sokoni, kijana wa duka alidhani anataka kitu kilichotoka Amerika, akamletea suruali.

Bulamatari twalijua wote, lakini twalijua nusu. Ni Kikongo, maana yake mvunja mawe. Wenyeji wa Kongo ya chini walimpa Stanley jina hilo alipokuwa akimfanyia kazi Mfalme Leopold II, kati ya 1879 na 1884, akipasua njia katika majabali. Kisha jina likamtoka Stanley likashika Serikali nzima, na kila mtumishi wake akawa Bulamatari. Mama anakumbuka kwamba mtoto akilia usiku, wazee walimnyamazisha kwa jina hilo, na mtoto alinyamaza kweli. Tukamwuliza kama yeye naye aliwatisha watoto wake hivyo. Akasema hapana, wakati wa watoto wake, aliwatisha kwa mwalimu.

Wala tusidhaniwe kwamba twataka kufufua kila neno lililozikwa. Yako mengine yaliyostahili kufa, na tukisikia yametajwa tunaomba yasifukuliwe. Watu wa misafara waliwaita wenyeji wa bara washenzi, maana yake watu wasio na adabu wala dini, hali waliowaita hivyo waliwala kuku wao na kuwachukua watoto wao utumwani. Neno mungwana kwao lilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Na wengi waliojifunza kusema Kingwana walikijifunza wakiwa katika minyororo. Boi nalo ni neno baya: mtu mwenye mvi aliitwa mtoto mwanamume hata siku ya kufa kwake. Mama tulipomtajia neno hilo alisonya, hakusema lolote, nasi tukaenda kwenye neno jingine.

Katika nchi hii hii, kando ya ziwa, alizaliwa Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu, aliyepadirishwa Baudouinville mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kupata upadri. Alikuwa bado seminarini makala yake juu ya fikira za Wabantu ilipotolewa katika gazeti la Ubelgiji, mwaka 1910. Kijana aliyekwisha kushika Kilatini na Kifaransa aligeuka nyuma akachungua jinsi watu wa kwao wanavyowaza. Tulikuwa tumesoma habari zake, tukamsifu darasani, tena mara nyingi. Kisha tukashika kalamu nyekundu.

Kesho yake tulimwita yule binti. Hatukumwita peke yake, kwa sababu aibu haikuwa ya siri. Mbele ya wote tulisema kwamba mwalimu alikosea, tukaandika ubaoni kambo, siku ya posho na mukanda, tukaeleza kila neno limetoka wapi. Mukanda si wa Kilingala peke yake: Waluba wanalo, na Wakongo husema nkanda, ambayo ni ngozi, na barua pia. Sanduku yake tuliacha limekatwa, maana kosa la namna hiyo ni kosa, hata kama kambo mwenyewe asema hivyo. Tukampa 7. Mvulana mmoja aliuliza kama naye aweza kuandika maneno ya kambo wake ili apate 7. Tukamjibu aandike kwanza, tutaona.

Mama alikuwa ametuambia tulipoagana: «Njoo siku ya posho.» Tukaenda. Nyumba ni ya vyumba viwili, imefagiliwa, na msalaba ukutani. Mama alitoa ufunguo uliofungwa katika ncha ya kitambaa chake, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa rozari, kitambulisho cha kazi cha marehemu, vipande viwili vya nguo, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye rangi ya chai. Mume wake aliiandikisha kwa rafiki alipokuwa kazini mbali, walipokuwa vijana. Kila juma mtoto huyu anamsomea, na kila juma mama anaisikiliza.

«Mwalimu,» alisema, «shuleni aandike Jumamosi. Nimekubali. Lakini akisoma mukanda huu, asibadili neno.»

Binti alisimama karibu na dirisha akasoma. Ni barua fupi. Inasalimu, inauliza habari za mtoto aliyekuwa na homa, inataja fedha kidogo zilizotumwa kwa mkono wa mtu fulani. Mwishoni mume yule anasema: «Mimi nitafika siku ya posho. Usipike mapema, chakula kisipoe.»

Tulimwuliza mama kama alifika.

«Alifika kazi moja,» alisema, huku akiikunja karatasi. «Treni ilichelewa.»